Gitega: Kwa nini harusi na karamu za nyumbani hurundikana katika majuma machache ya mwaka

Katika murenge wa Gitega, wilayani Nyarugenge, Jumamosi moja ya Agosti inaweza kuwa na harusi mbili kwenye njia moja ya miguu, na kwenye njia inayofuata kukawa na akika ya mtoto. Mahema hufungwa kwenye kuta za nyumba za watu wengine, viti vya plastiki hupitishwa juu ya vichwa, na wageni wa harusi moja huuliza njia kwa wageni wa harusi nyingine. Miezi minne kabla ya hapo, njia hizohizo zilikuwa kimya kabisa.

Wenyeji huliita jambo hili msimu, na wengi hawaulizi zaidi. Lakini hakuna aliyeketi na kuupanga msimu huo. Umetokana na kalenda kadhaa zinazotembea kwa pamoja mjini Kigali: ya mvua, ya shule, ya sikukuu za taifa, ya Kanisa, ya mwezi mwandamo, na ya maombolezo. Kila moja huchukua siku zake, na zinazobaki hugombaniwa na familia zote. Kwa kaya isiyo na uwanja wala akiba kubwa, kugombania huko kuna gharama.

Nyumba zisizo na uwanja

Gitega ni mojawapo ya sehemu zilizobanana zaidi mjini Kigali. Iko jirani na Biryogo na Nyamirambo, mitaa ambayo Kiswahili kimesikika barazani na misikitini tangu enzi za ukoloni. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko, ua mmoja hutumiwa na kaya kadhaa, na gari haliwezi kufika mlangoni. Anayetaka kualika watu mia moja nyumbani hana budi kuazima ua wa jirani, na pengine sehemu ya njia.

Karamu ya namna hiyo hutegemea anga. Masika ya Rwanda huanza Machi na kuendelea hadi Mei; kwenye mteremko wa udongo, saa moja ya mvua hiyo hutosha kuzima moto wa sufuria za pilau na kuharibu vazi la mshanana lililokodiwa. Kiangazi huanza Juni na kufika mwanzoni mwa Septemba. Kisha vuli hurudi, na mapumziko mafupi ya mvua hupatikana tena kuanzia mwishoni mwa Desemba. Mwenye fedha hukodi ukumbi wa matofali, akawa hana haja ya kutazama mawingu.

Tena, harusi moja si siku moja. Kuna gusaba, ambapo wasemaji wa pande mbili hushindana kwa ufasaha mbele ya wazee, na gukwa, ambapo mahari hutajwa kwa hesabu ya ng'ombe hata kama mjini kinachotolewa ni fedha. Kuna siku ya kufunga ndoa kiserikali kwenye ofisi ya murenge, ambayo aghalabu huwa Alhamisi. Kuna nikaha msikitini au ibada kanisani, kisha karamu, kisha gutwikurura, yaani ndugu wa bibi harusi kwenda kumtembelea nyumbani kwake kupya na vikapu vya zawadi. Familia nyingi siku hizi huunganisha hatua mbili au tatu ili kupunguza gharama. Hata hivyo, harusi nne katika mwezi mmoja huweza kuzaa mikusanyiko kumi, na jirani wa karibu hutarajiwa kuonekana katika mingi yake.

Mkono wa kushoto na ada ya Septemba

Kabla ya janga la korona, mwaka wa shule nchini Rwanda ulianza Januari na kumalizika Novemba. Watoto walikuwa nyumbani Desemba yote, na harusi nyingi za familia zenye watoto wa bweni zilisubiri wakati huo. Shule zilifungwa Machi 2020, na kalenda iliporudi kutulia ilikuwa imegeuka: mwaka wa masomo wa 2021/2022 ulianza Oktoba 2021, uliofuata ukaanza Septemba 2022, na likizo ndefu ikahamia Julai na Agosti. Likizo ya Krismasi ilibaki ya majuma mawili hivi.

Badiliko hilo lilikusudiwa shule, lakini liligusa sherehe pia. Likizo ndefu sasa imelalia juu ya kiangazi. Katika miezi hiyohiyo kuna Siku ya Uhuru tarehe 1 Julai, Siku ya Ukombozi tarehe 4 Julai, Umuganura Ijumaa ya kwanza ya Agosti, na Kupalizwa kwa Bikira Maria tarehe 15 Agosti, zote zikiwa siku za mapumziko. Ndiyo miezi ambayo jamaa wanaoishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini hupata likizo na kurudi kusalimia wazee. Kila sababu ya kufanya sherehe inaelekeza kwenye majuma yaleyale manane.

Hapo ndipo intwererano inapouma. Hii ni desturi ya kuchangia sherehe ya mwenzio: aliyealikwa huahidi kiasi, jina lake likaandikwa, naye akaja kudai haki hiyohiyo siku yake itakapofika. Zamani ahadi zilitolewa katika kikao cha ana kwa ana na bahasha ikakabidhiwa mlangoni. Leo kundi la simu hufunguliwa, orodha hubandikwa humo kila jioni, na fedha hutumwa kwa simu. Njia hii ni rahisi, na pia ni kali, kwani ambaye hajatuma huonekana na wote.

Tuchukue kaya inayopata mialiko minne kati ya Julai na Agosti, ikaahidi faranga 20,000 kwa kila mmoja. Jumla ni faranga 80,000, bila nauli wala nguo. Kwa mwongozo uliotangazwa na Wizara ya Elimu Septemba 2022, mzazi wa mwanafunzi wa sekondari anayelala bweni katika shule ya umma hulipa faranga 85,000 kwa muhula. Wa kutwa ni faranga 19,500, na mzazi wa shule ya msingi huchangia faranga 975 kwa chakula. Kwa hiyo karamu nne za majirani hukaribia kabisa muhula mmoja wa bweni, na deni la sherehe hufika mwezi mmoja tu kabla ya mlango wa shule kufunguliwa.

Haifai kuiona intwererano kuwa ni mzigo mtupu. Ni bima ya watu ambao hakuna kampuni ingewakatia bima. Binti wa mjane huolewa kwa heshima kwa sababu mjane huyo alitoa faranga zake mbili tatu kwa miaka kumi, na daftari linamkumbuka. Ugumu uko kwenye wakati. Michango ambayo ingeweza kutawanywa katika miezi kumi na miwili inadaiwa yote katika miwili, na anayeshindwa huficha simu, akaacha kwenda, na baada ya muda akaacha kualikwa.

Njia mojawapo ambayo watu wameizoea ni ikimina, chama cha kuweka na kukopeshana ambacho wanachama wake hutoa kiasi kidogo kila wiki. Vyama vingi hugawana akiba mwishoni mwa mwaka, na vingine huundwa kwa lengo moja tu, kununua ng'ombe na kugawana nyama ya sikukuu. Ndiyo maana Desemba huja na msimu wa pili, mdogo lakini wenye kelele zaidi: Krismasi tarehe 25, mapumziko ya tarehe 26, kisha tarehe 1 na 2 Januari. Mwaka mpya Wanyarwanda huuita ubunani, neno lililotokana na salamu ya Kifaransa. Katika nyumba za Waislamu wa Gitega ubunani hupikiwa pilau kama kawaida, na hakuna anayeuliza sikukuu hiyo ni ya nani.

Kuishi ukuta kwa ukuta kumeleta adabu zake. Familia ya Kikristo inayotarajia wageni Waislamu humwita Mwislamu achinje, ili sufuria iwe moja kwa wote, na soda huwekwa mbali na pombe. Kuhusu usiku, mabishano ni makubwa zaidi. Tangu Septemba 2023 mabaa na maeneo mengine ya starehe mjini yamewekewa ukomo wa saa saba usiku siku za kazi na saa nane usiku mwishoni mwa wiki, na polisi imekuwa ikikumbusha mara kwa mara kwamba kelele za usiku ni kosa. Katika nyumba ambazo ukuta ni mmoja, spika ya harusi ya jirani iko chumbani kwa mtoto mwenye homa.

Wakwe walio ng'ambo ya mpaka

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Kigali, ukoo hauishii Rwanda. Kuna mashangazi Buyenzi mjini Bujumbura, wajomba Bukavu na Goma, na mabinamu Kigoma. Katika gusaba ya familia kama hizo, wasemaji huanza kwa Kinyarwanda kizito cha wazee, na pale wakwe wanapoonekana kupoteza njia, Kiswahili huingia bila kuombwa radhi.

Wakwe hao sasa ni vigumu kuwapata. Burundi ilipofunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, safari ya basi ya saa chache kati ya Bujumbura na Kigali iligeuka kuwa mzunguko mrefu wa kupitia Tanzania, wenye nauli ambayo mzee mmoja hawezi kuibeba, sembuse ujumbe wa watu kumi na wawili. Mwaka mmoja baadaye vita vya mashariki mwa Kongo viliifikia Goma, kisha Bukavu. Matokeo yake yanaonekana kwenye mahema ya Gitega: simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji mezani, na ndani yake uso wa shangazi anayetoa baraka kwa sauti inayokatikakatika.

Aprili na mwezi mwandamo

Unabaki ule ukimya wa Aprili. Tarehe 7 Aprili Rwanda huanza wiki ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hadi tarehe 13 hakuna harusi, hakuna muziki wa starehe, hakuna karamu. Baada ya hapo shughuli huruhusiwa, lakini kumbukumbu huendelea kwa siku 100 hadi mwanzoni mwa Julai, na familia nyingi huona ni stahili kungoja. Mara nyingi jirani wa ukutani ni manusura, na siku aliyouawa mama yake inaweza kuwa katikati ya Mei, wakati wiki rasmi imekwisha kupita. Wanaoishi naye huijua tarehe hiyo, nao hawapigi ngoma.

Kwa Mkristo, Kwaresima hutangulia, na kwa desturi si wakati wa harusi. Kwa Mwislamu, Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwani mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko ule wa jua. Mwaka 2024 kalenda hizo ziligongana waziwazi: Idd el-Fitr iliangukia tarehe 10 Aprili, siku ya nne ya wiki ya maombolezo, katika kumbukumbu ya miaka 30. Sala ya Idd ilisaliwa huku bendera zikipepea nusu mlingoti. Kwa familia ya Kiislamu iliyotaka kuoza, mlango ulifungwa Ramadhani ilipoandama kabla ya katikati ya Machi, na haukufunguliwa hadi baada ya 13 Aprili, mvua zikiwa zimekwisha kushika.

Mwaka 2025 Idd ilikuja mwishoni mwa Machi, ikaacha takriban wiki moja kabla ya maombolezo. Mwaka 2026, kwa hesabu ya mwezi, nafasi hiyo inazidi majuma mawili, na itaendelea kupanuka. Lakini inapopanuka upande huo, upande wa pili hubana, kwa kuwa Idd ya Kuchinja nayo inarudi nyuma kutoka Juni kuelekea Aprili. Mwezi Mei 1994 Idd hiyo iliwakuta Waislamu wa Kigali katikati ya mauaji, wengine wakiwa wamewaficha watu majumbani mwao.

Hesabu zinaonyesha kwamba mwaka 2030 itaangukia karibu na tarehe 13 Aprili, siku ambayo wiki ya maombolezo hufungwa rasmi kwa ibada ya kumbukumbu kwenye kilima cha Rebero. Mwandamo wa mwezi ndio utakaoamua kama nyama ya Idd itagawanywa Gitega siku hiyohiyo au kesho yake.