Masisi na Walikale: Mashini huporwa, ufundi hubaki mkononi

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, familia nyingi zimekimbia vita zaidi ya mara moja, na kila mara zimelazimika kuchagua cha kubeba. Ng'ombe wanabaki, shamba la maharagi linabaki, mabati ya nyumba yanabaki. Kati ya vichache vinavyofika salama ni ufundi wa kushona ambao mtu alijifunza akiwa mtoto. Huo hauna uzito, na hakuna anayeweza kuupora barabarani.

Kwa kawaida ufundi huo hauanzi na mashini. Unaanza na sindano ya mkono. Bibi ambaye macho yake yamechoka anamwita mjukuu amtungie uzi. Mtoto anatunga, kisha anakaa kuangalia. Siku nyingine anapewa shati la kaka yake lililokatika kifungo, halafu sketi ya shule iliyoachia pindo. Nguo ya kwanza anayoishona mwenyewe huwa ya mtoto wa matambara, kwa vipande vya kitenge vilivyookotwa chini ya meza ya fundi. Wavulana nao hawako mbali: mafundi wengi wa sokoni ni wanaume, na wapo walioanza kwa kupuliza makaa ya pasi kwenye kibanda cha baba au mjomba.

Akifika kwa fundi, mtoto hakabidhiwi kitambaa cha mteja. Kwanza anafundishwa kukanyaga mashini bila uzi, akipitisha sindano juu ya karatasi, hadi mstari unyooke. Karatasi ngumu, kama ile ya mfuko wa saruji, ndiyo pia inayokatwa kuwa kielelezo cha gauni au suruali. Hufuata mshono ulionyooka, pindo, mfuko, kola na zipu. Makasi huja mwisho, kwa kuwa mshono mbaya unaweza kufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Ni katika miaka hiyo ya kukaa karibu na fundi ndipo mtu anajua kwamba sindano nambari 14 inafaa kitenge na nambari 16 inafaa jinzi, na kwamba uzi unaokatika ovyo mara nyingi unaonyesha sindano iliyopinda au uzi uliokazwa mno.

Mazingira nayo yana neno lake. Sehemu nyingi za milima ya Masisi zinapita mita 2,000, na baridi yake inafanya kofia, soksi na sweta za sufu kuwa vazi la lazima kwa mtoto mchanga. Huko, kufuma ni ndugu wa kushona. Walikale, upande wa msitu, ni joto na mvua. Nguo nyepesi ndizo zinazotakiwa, na kusuka vikapu na mikeka ni shule ya kwanza ya vidole.

Kushona kumepitia pia mikono ya wakubwa wa nchi. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, vituo vilivyoitwa foyers sociaux viliwafundisha wanawake kushona, kupika na kutunza nyumba. Mapema miaka ya 1970, siasa ya Mobutu ya authenticité ilikataza suti na tai. Wanaume wakavaa abacost, na wanawake wakatakiwa kuvaa vikwembe badala ya suruali. Waliogeuza amri hiyo kuwa nguo walikuwa mafundi wenye mashini zao barazani. Tai iliruhusiwa tena mwaka 1990, lakini kikwembe hakikuondoka. Mpaka leo kipande cha yadi 6 kinatoa vikwembe 3, na kimoja kati yake hushonwa libaya. Leo pia kukata na kushona ni mojawapo ya fani zinazosomeshwa katika shule za sekondari za kiufundi nchini, na mwanafunzi humaliza kwa Mtihani wa Taifa kama wenzake wa fani nyingine.

Vita ndivyo vimevuruga mpango huo. Kitchanga iliingia mikononi mwa M23 Januari 2023, Rubaya mwaka 2024, na Masisi-kati mwanzoni mwa Januari 2025. Tarehe 19 Machi 2025 waasi hao waliingia Walikale-kati, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kabla ya hapo, vikundi vingine vyenye silaha vilikuwa vimepita katika vijiji hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Kwa fundi, kukimbia kuna hesabu yake. Mashini ya kukanyaga ni nzito, lakini kichwa chake kinashikwa na bawaba mbili mezani. Ukilegeza skrubu zake, kichwa kinatoka, na kinaweza kufungwa ndani ya kikwembe na kubebwa; meza na miguu ya chuma vinabaki. Kikifika salama, seremala anaweza kutengeneza meza nyingine. Kikiporwa njiani, mwenyewe anabaki na makasi, mita na sindano ya mkono.

Hapo ndipo tofauti inaonekana. Aliyezoea mashini tu anakaa akisubiri msaada. Aliyeanza na sindano ya mkono ana la kufanya kesho yake: kutia vifungo, kupunguza koti la mitumba, kuziba turubai lililochanika, kushona mfuko wa kubebea unga. Ni kazi ya faranga chache, lakini inaleta chumvi na sabuni. Katika kambi zilizouzunguka mji wa Goma, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, maelfu ya watu wa Masisi waliishi kwa kazi ndogondogo hadi kambi hizo zilipovunjwa Februari 2025. Waliorudi vijijini walikuta kazi ya kuanza upya.

Sindano imepewa pia kazi ya kutuliza. Katika hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na mke wake Lyn Lusi, aliyefariki mwaka 2012, wanawake wanaosubiri au wanaopona baada ya upasuaji wa fistula wamekuwa wakifundishwa kushona. Mjini Bukavu, kwenye hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, nyumba inayowapokea wanawake waliopona inaitwa Maison Dorcas, na kushona ni miongoni mwa kazi zinazofundishwa humo. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo: Dorkasi ni yule mama wa Yopa ambaye wajane walionyesha kwa machozi nguo alizowashonea. Mwanamke aliyeondoka kijijini bila kitu anapomaliza gauni lake la kwanza, ana kitu mkononi ambacho amekitengeneza mwenyewe.

Lakini kufundisha na kugawa mashini hakumalizi shida. Mafunzo mengi ya wakimbizi na ya vijana waliotoka katika vikundi vyenye silaha huchukua miezi michache. Muda huo unatosha kujua mshono, hautoshi kumzoea mteja, kukata bila kupoteza kitambaa au kutengeneza mashini inaposimama. Asiyekuwa na hayo atashawishika kuiuza siku njaa ikimzidi. Soko nalo ni gumu: nguo ya mitumba mara nyingi ni rahisi kuliko kununua kitambaa na kulipa fundi. Kazi nzuri huja kwa majira, kama sare za bluu na nyeupe kabla ya masomo kuanza Septemba, vikwembe vya tarehe 8 Machi, harusi na Noeli. Barabara ya Masisi au ya Walikale ikifungwa, uzi na vifungo vinapanda bei na majira yanapita.

Wapo wanaouliza kama mtoto aliye karibu na mashini hanyimwi shule. Swali hilo ni la haki. Tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo, na nafasi ya mtoto asubuhi ni darasani. Sindano ina saa yake, mchana baada ya shule na siku za likizo, na ndivyo mafundi wengi walivyojifunza bila kuacha kusoma. Mtoto anayefanywa mtumishi wa kibandani hafundishwi, anatumikishwa.

Kwa wanaoanza tena, njia iliyo karibu zaidi ni ile ambayo Wakongo wanaijua tangu zamani: likelemba. Mafundi kumi wanaweka fedha kidogo kila juma, na kila zamu mmoja anachukua yote. Kwa aliyepoteza mashini yake njiani, zamu hiyo ni kichwa cha mashini iliyotumika, meza ya mbao na bobini chache. Hahitaji kufundishwa upya. Kinachohitajika ni kwamba barabara ibaki wazi na risasi zinyamaze muda wa kutosha mteja arudi kuchukua nguo yake.