Kutoka Temeke hadi Ulaya na Shanta Mgongoni: Maandalizi ya Kiafya kwa Mgonjwa na Mhudumu wa Afya

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen, Ujerumani, kitabu Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya Waswahili waliosafiri mbali na pwani yao. Mmoja wao, Selim bin Abakari, alieleza safari ya mwaka 1896 iliyomfikisha Urusi na Siberia akiwa amefuatana na Mjerumani. Msafiri wa zama zile aliandamana na mwenyeji aliyejua njia. Msafiri wa leo anayetoka Tandika, Mtoni au Mbagala huamua mwenyewe: hununua tiketi, hubeba begi la mgongoni, yaani shanta, na kuhama kwa treni kutoka mji hadi mji, akilala hosteli usiku mmoja hapa na miwili kule.

Safari ya namna hii hutofautiana na ile ya kwenda kukaa kwa ndugu. Kwa mtu mwenye kisukari, shinikizo la juu la damu, selimundu, pumu au anayetumia dawa za kufubaza makali ya VVU, tofauti hiyo ni kubwa. Nyumbani ugonjwa wake umeshikiliwa na mambo mengi asiyoyahesabu: kliniki iliyo karibu, jokofu, duka la dawa alilolizoea na ndugu anayejua la kufanya akizidiwa. Njiani vyote hivyo havipo. Kazi ya maandalizi ni kuvigeuza kuwa vitu vinavyoweza kubebeka: dawa, hati na maarifa.

Safari ianzie kliniki

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Kwa upande wa afya, ni vema mgonjwa afike kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya kuondoka, na ikiwezekana kabla ya kulipia tiketi. Muda huo humwezesha daktari kupima shinikizo la damu, sukari, figo na miguu, na kurekebisha dozi mgonjwa angali nyumbani. Dawa mpya isianzwe wiki ya kuondoka, kwani madhara yake yanaweza kujitokeza ndani ya treni, mbali na aliyeiandika.

Zipo hali zinazotaka safari iahirishwe: shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari, au kulazwa karibuni kwa sababu ya pumu au maumivu makali ya selimundu. Kuahirisha kwa mwezi mmoja ni hasara ndogo kuliko kulazwa katika nchi ya kigeni.

Mgonjwa asiifiche safari yake. Anayehofia kukatazwa hupunguza vidonge ili vimfikishe mwisho wa safari, na anayehofia maswali ya uwanja wa ndege hushawishika kuviacha nyumbani. Dawa za shinikizo la damu, kifafa au VVU zikikatizwa ghafla zinaweza kuleta madhara ambayo hati zote za safari haziwezi kuyaondoa.

Hati zinazolinda afya

Viza ya Schengen humtaka msafiri awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayogharamia matibabu ya dharura, kulazwa, na kurejeshwa nyumbani mgonjwa au maiti. Mara nyingi bima hununuliwa kwa haraka ili kukamilisha fomu. Mgonjwa wa muda mrefu aisome sehemu ya mambo yasiyolipiwa, maana baadhi ya bima hukataa kulipia ugonjwa uliokuwapo kabla ya safari. Akumbuke pia kwamba Uingereza na Ireland hazimo katika eneo la Schengen. Zina taratibu zake za kuingia, na bima ihakikishwe kuwa inazifikia.

Hati ya pili ni barua ya daktari, kwa Kiingereza, yenye jina kama lilivyo katika pasipoti, ugonjwa, dawa na dozi zake, mzio alionao na simu ya kliniki. Dawa ziandikwe kwa jina la dawa yenyewe, si la kibiashara. Parasetamoli inayofahamika Temeke kwa jina la Panadol huuzwa Ufaransa kama Doliprane na Italia kama Tachipirina. Asiyejua hilo anaweza kumeza dawa ileile mara mbili chini ya majina mawili na kuliumiza ini.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kinakubalika kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Kinaweza kudaiwa wakati wa kurudi, iwapo msafiri amepitia nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, kama Ethiopia au Kenya, na kukaa uwanja wa ndege zaidi ya saa 12.

Dawa ndani ya begi

Dawa zote muhimu zikae katika begi la mkononi, lile ambalo msafiri haliachi kwa mtu. Mzigo unaoingia tumboni mwa ndege unaweza kupotea, na baridi ya huko inaweza kuigandisha insulini. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Inayotumika kwa kawaida hudumu takriban wiki nne katika joto la kawaida la chumba, lakini isiachwe juani, karibu na kipasha joto wala nje wakati wa theluji. Katika hosteli, isiwekwe ndani ya jokofu ikigusana na sehemu ya barafu.

Kiasi kitoshe siku zote za safari na wiki mbili za akiba. Vidonge vibaki katika pakiti zake zenye lebo. Kuvichanganya katika kichupa kimoja huzua maswali na makosa. Kikomo cha mililita 100 kwa vimiminika hakihusu dawa za lazima, ila msafiri azitoe na kuzionyesha pamoja na barua ya daktari.

Dawa kali za maumivu na za usingizi zinahitaji uangalifu wa pekee. Tramadoli, kodeini na dayazepamu huandikwa na daktari kihalali, lakini nchi nyingi huzidhibiti. Ndege nyingi zitokazo Dar es Salaam kwenda Ulaya hupitia Dubai au Doha. Umoja wa Falme za Kiarabu hutaka kibali cha awali kwa dawa za kundi hilo, na asiye nacho anaweza kushtakiwa. Mgonjwa wa selimundu anayezitegemea azungumze na daktari mapema: apewe mbadala, aombe kibali, au achague njia nyingine. Taratibu za nchi anayoiendea nazo ziulizwe ubalozini.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba Ulaya antibiotiki haziuzwi bila cheti cha daktari. Aliyezoea kununua vidonge viwili vitatu dukani hatavipata.

Saa, jua na vipimo

Tofauti ya saa kati ya Temeke na Paris, Berlin au Roma ni saa 1 wakati wa kiangazi na saa 2 wakati wa baridi. London ni saa 2 au 3. Dawa inayomezwa Temeke saa 2 usiku itamezwa Paris saa 1 jioni wakati wa kiangazi, au saa 12 jioni wakati wa baridi. Tofauti hii ni ndogo, na kwa kawaida haihitaji kubadili dozi; inatosha kuweka kengele ya simu. Maelezo ya mfamasia wa Ulaya yafasiriwe kwa makini: saa 8 anayoitaja asubuhi ni saa 2 ya Kiswahili.

Tatizo kubwa zaidi ni jua. Dar es Salaam jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo wapo wanaofungamanisha dawa na adhana ya Magharibi au na giza kuingia. Mwezi Juni, Paris na Berlin, jua huzama kukaribia saa 4 usiku. Mgonjwa anayengoja giza atachelewesha dawa kwa saa kadhaa. Mwenye kisukari anayefunga naye atakabiliwa na mchana mrefu mno. Suala hilo lijadiliwe na daktari kabla ya safari.

Vipimo vya sukari pia husomwa tofauti. Tanzania hutumia zaidi milimoli kwa lita. Italia na Hispania hutumia miligramu kwa desilita. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 18 hupatikana ya pili: 7 ni sawa na 126. Asiyelijua hili anaweza kushtuka bure, au kuongeza insulini isiyohitajika na kuporomosha sukari.

Mwili chini ya mzigo

Begi lisizidi moja ya tano ya uzito wa mwili, na kwa mwenye maradhi ya moyo au mgongo liwe jepesi zaidi. Mazoezi yafanyike nyumbani: kutembea na begi lililojaa kuzunguka eneo la Uwanja wa Benjamin Mkapa mara tatu kwa wiki, kwa viatu vilevile vitakavyovaliwa safarini. Malengelenge yatokee Temeke, si Roma. Mwenye kisukari akague nyayo kila usiku na asiache kubeba sukari au peremende, kwani kutembea siku nzima hushusha sukari hata kwa anayekula vizuri.

Koti zito la mtumba hupatikana Tandika kwa bei nafuu, nalo lifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kuvaliwa. Kwa mgonjwa wa selimundu koti hilo ni sehemu ya tiba, maana baridi, upungufu wa maji na hewa nyembamba vyote huweza kuamsha maumivu. Hewa ndani ya ndege ni sawa na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Treni ya watalii ya Jungfraujoch nchini Uswisi hupanda hadi mita 3,454. Mgonjwa huyu asiipande.

Kukaa zaidi ya saa nne bila kujinyoosha, iwe ndani ya ndege au basi, huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Dawa yake ni kusimama, kuchezesha vifundo vya miguu na kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, msafiri apige simu 112, namba ya dharura isiyolipiwa katika nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Ulaya nayo ina maradhi yake. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipokea taarifa za wagonjwa zaidi ya 127,000 wa surua katika Kanda yake ya Ulaya, inayojumuisha pia Asia ya Kati. Idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1997. Kadi ya chanjo ikaguliwe. Anayekusudia kulala msituni ajue kuwa kupe wa huko huambukiza maradhi ya neva na ya ngozi. Avae suruali ndefu na ajikague kila jioni.

Homa inayopanda ugenini

Hatari inayosahaulika kuliko zote ni ile inayotoka nyumbani. Mtu aliyeumwa na mbu Mbagala usiku wa mwisho anaweza kupata homa siku 7 hadi 14 baadaye, na pengine baada ya miezi, akiwa hostelini Ujerumani. Daktari wa huko huenda akafikiria mafua kwanza, na malaria kali huweza kuua kwa siku chache. Kwa hiyo msafiri abebe kadi iliyoandikwa kwa lugha ya nchi anayoitembelea: ametoka Tanzania, ana homa, aombe kupimwa malaria siku hiyohiyo. Asimeze mabaki ya dawa mseto bila kipimo, kwa kuwa dozi isiyokamilika huficha vimelea na kuchelewesha tiba.

Maswali ya mhudumu wa afya

Mgonjwa anayetaja safari katika kliniki yoyote aulizwe yafuatayo, na majibu yaandikwe katika faili:

1. Anaondoka lini, anapitia nchi zipi, na anarudi lini?
2. Dawa zake zinatosha siku ngapi, na ipo inayodhibitiwa kisheria?
3. Ana barua, bima inayoutambua ugonjwa wake, na chanjo?
4. Dawa inayohitaji ubaridi itakaa wapi njiani?
5. Atafanya nini akipatwa na homa, akiishiwa dawa au akipoteza begi?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Likikosa jibu, maandalizi hayajakamilika, hata kama viza imeshagongwa.

Baada ya kurejea, mgonjwa afike kliniki ndani ya wiki mbili na vipimo vyote alivyofanyiwa huko. Aliyekaa miezi mingi nje ya Tanzania alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, kwani kinga aliyoijenga mwilini dhidi ya malaria hupungua awapo mbali.