Jani Dogo Linalosimamisha Mtelemko

Watu wengi wanafikiri kwamba udongo unaamuru na majani yanatii: penye udongo mzuri miti inaota, penye mawe matupu haioti. Neno hili ni nusu tu ya kweli. Majani nayo yanatengeneza inchi. Tuangalie bonde la Turtmann, katika milima ya Alpes, inchi ya Uswisi.

Karibu na mwaka 1850 barafu ya bonde lile ilifika mbali kupita leo. Tangu hapo imerudi nyuma, ikaacha kandokando kuta ndefu za mawe na udongo uliochanganyika. Mtelemko wake ni mkali, wala hakuna kitu cha kuushika.

Kwanza, maji yanatawala. Mvua na theluji inayoyeyuka zinachimba mifereji, mawe yanaporomoka, na mbegu iliyoota leo, kesho imefunikwa ao imeng'olewa.

Pili, pahali ambapo mwendo wa udongo umepungua kidogo, linaingia jani linaloitwa Dryas octopetala. Ua lake ni jeupe, mara nyingi lina petali 8. Shina lake ni gumu sawa mti, lakini halisimami: linatambaa na kutandika mkeka. Mkeka huo unakamata udongo laini, na majani makavu yanaoza na kuwa mbolea. Chini yake mizizi inafunga udongo. Ardhi ikiganda na kuyeyuka, inatelemka polepole. Ikifika kwenye mkeka inazuiwa, inajikusanya nyuma yake, na ngazi ndogo inatokea. Ngazi hiyo haikujengwa na baridi peke yake. Jani limesaidia kuijenga.

Tatu, udongo ukiisha kutulia, vichaka na miti vinafika. Kivuli chao kinaishinda Dryas, ile iliyowatayarishia pahali.

Tena, hesabu ya miaka haitoshi. Katika bonde lilelile kuna pahali palipoachwa na barafu zamani, lakini pako wazi hata leo, kwa sababu maji hayajaacha kuchimba.

Barafu za Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, zilienea karibu kilometa za mraba 6 na nusu mwaka 1906. Mwaka 2003 ilibaki karibu 1 tu. Majani ya kule ni mengine. Lakini mwalimu akiulizwa juu ya mtelemko wo wote ulioachwa wazi, asijibu upesi kwamba majani yataota yenyewe; aulize kwanza kama udongo umetulia.