Nyanya Aliyemtafuta Mtoto Wake kwa Miaka 47

Katika mji wa Denver, ulio mji mkuu wa Jimbo la Colorado nchini Marekani, lipo jumba kubwa la serikali. Baadhi ya madirisha yake yamepambwa kwa vioo vya rangi vyenye sura za watu waliolitumikia jimbo hilo katika siku zake za mwanzo. Mmoja wa watu hao ni mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa, asiyejua kusoma, ambaye kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Jina lake ni Clara Brown.

Alizaliwa utumwani katika Jimbo la Virginia, karibu na mwaka 1800. Siku yenyewe haijulikani, kwa maana mara nyingi mtumwa aliandikiwa bei yake kuliko siku yake ya kuzaliwa. Alipokuwa mtoto alihamishwa na bwana wake, Ambrose Smith, akapelekwa Kentucky. Na huko, angali mdogo, alihudhuria mkutano wa Injili uliofanywa uwanjani, akaamini. Imani hiyo hakuiacha mpaka kufa kwake. Akaolewa na mtumwa mwenzake aitwaye Richard, wakajaliwa watoto wanne: mvulana mmoja aliyeitwa jina la baba yake, msichana Margaret, na mapacha wa kike, Paulina Ann na Eliza Jane. Paulina alikufa maji akiwa bado mtoto.

Mwaka 1835 bwana Smith alifariki, na mali yake ikapigwa mnada. Katika mali hiyo walihesabiwa Clara, mumewe na watoto wao watatu waliobaki. Kila mmoja alinunuliwa na mtu mwingine. Eliza Jane alikuwa na umri wa miaka kama 10 hivi. Clara mwenyewe alinunuliwa na George Brown, mfanyaji wa kofia, akawatumikia watu wa nyumba hiyo zaidi ya miaka 20. Kwa hakika yapo mambo ambayo kalamu haiwezi kuyaeleza vema, na mama kusimama akitazama watoto wake wakiondoka njia mbalimbali ni mojawapo.

Bwana Brown alipofariki, mwaka 1856, Clara alipewa uhuru wake. Lakini sheria ya Kentucky ilimtaka mtumwa aliyeachwa huru aondoke katika jimbo hilo, asije akarudishwa utumwani. Basi akiwa mwanamke wa miaka zaidi ya 50, bila jamaa, alianza safari. Alikwenda St. Louis, kisha Kansas, akifanya kazi ya upishi na udobi, na kila mahali alipofika aliuliza habari za Eliza Jane. Habari za wale wengine hazikuwa na matumaini: Margaret alisemekana amekwisha kufa, na kijana Richard alikuwa ameuzwa mara nyingi hata asijulikane alipo.

Mwaka 1859 dhahabu ilikuwa imepatikana katika milima ya Colorado, na watu kwa maelfu wakaikimbilia. Clara aliwaza ya kuwa penye watu wengi huenda pakawa na mmoja mwenye habari za mwanawe. Mtu mweusi hakuruhusiwa kupanda magari ya abiria kama wengine, kwa hiyo alijiajiri kuwa mpishi wa msafara wa magari ya kukokotwa na maksai. Alitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia hiyo ya maili kama 700, akipika mwendo mzima.

Alipofika hakuchimba dhahabu. Aliona ya kwamba wachimbaji walikuwa wachafu, hawana wake, wala hakuna mtu wa kuwafulia. Akafungua udobi katika mji wa Central City, akitoza senti 50 kwa shati. Msomaji aliye karani atapenda kujua jinsi fedha hiyo ilivyotumika, maana hapo ndipo penye akili ya mama huyu. Mchimbaji asiye na kitu alimpa chakula na vifaa, kwa mapatano kwamba akipata dhahabu, Clara naye apate fungu lake. Wengine hawakupata kitu, na wengine walipata. Alinunua viwanja na nyumba, na kufikia mwisho wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mwaka 1865, inasemekana alikuwa na mali ya dola 10,000.

Nyumba yake ilikuwa kanisa kabla kanisa halijajengwa. Wamethodisti wa Central City walisali sebuleni mwake, naye alitoa fedha kusaidia ujenzi wa kanisa lao, lakini hakuwanyima Wakatoliki walipohitaji msaada. Mgonjwa alilazwa kwake, mwenye njaa alilishwa kwake, mama mjamzito alimwita usiku, wala hakuuliza kama mtu huyo ni mweusi au mweupe. Watu wote walimwita “Shangazi Clara”. Inafaa kusema wazi kwamba Wazungu wa Marekani wa siku zile walizoea kuwaita wanawake weusi wazee kwa jina hilo ili wasiwape heshima ya kuitwa “Bibi Fulani”. Lakini kwa wachimbaji wengi aliowauguza, bila shaka neno hilo lilipata maana yake ya kweli.

Utumwa ulipokomeshwa, Clara alirudi Kentucky kumtafuta Eliza. Hakumpata. Badala ya kurudi peke yake, alichukua kundi la watu waliokuwa wameachwa huru, akawalipia nauli mpaka Colorado na kuwasaidia kupata kazi. Mwaka 1879, akiwa na umri wa karibu miaka 80, alikwenda Kansas kuwasaidia maelfu ya watu weusi waliokuwa wamehama kutoka majimbo ya kusini kwa sababu ya dhuluma. Kwa watoto wa watu hao alikuwa nyanya, na yeye mwenyewe hakujua kama ana mjukuu duniani.

Mali yake ilikuwa imekwisha. Mafuriko ya Denver ya mwaka 1864, na moto ulioteketeza Central City miaka kumi baadaye, vilimharibia mengi, mengine aliyagawa. Uzeeni aliishi Denver katika nyumba aliyopewa na rafiki zake.

Ndipo, mwanzoni mwa mwaka 1882, habari ikaja. Katika mji wa Council Bluffs, Jimbo la Iowa, alikuwapo mwanamke mweusi mjane aitwaye Eliza, ambaye utotoni aliuzwa huko Kentucky, na aliyekuwa na ndugu pacha aliyekufa maji. Rafiki walichanga nauli. Mama huyo mwenye miaka kama 82 alipanda garimoshi kwenda kumwona mtoto aliyemwacha na miaka 10, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto. Husimuliwa kwamba siku hiyo barabara ilikuwa na tope, na kwamba walipokumbatiana waliteleza wakaanguka chini wote wawili, wala hawakujali nguo zao.

Clara alirudi Denver, na mjukuu wake mmoja akaja kukaa naye. Chama cha watu waliofika Colorado mwanzo, ambacho hapo kwanza kilikuwa cha wanaume Wazungu tu, kilimwandika kuwa mwanachama na kumsaidia kwa fedha. Alifariki Oktoba 1885. Chama hicho ndicho kilichomzika, na wakuu wa mji na wa jimbo walihudhuria. Eliza Jane pia alikuwapo.