Wakati Kuvu Inaingia Ndani ya Pua



Makamasi ya kawaida munayajua ninyi wote. Mutoto anapiga chafya, pua inatiririka, na kisha siku chache anapona. Leo tunawaeleza ugonjwa mwingine wa pua. Si wengi wanaoupata, lakini unaua upesi kama mugonjwa akichelewa.

Unaletwa na kuvu, ndugu ya ile inaota juu ya mukate uliolala. Mbegu zake ziko katika hewa na mavumbi. Sisi wote tunazivuta. Mwili wenye nguvu unaziua. Katika mwili zaifu zinaota ndani ya pua na katika vyumba vidogo vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Kuvu inaziba mishipa ya damu, na nyama inakufa. Kisha inafika kwenye jicho, hata ubongo.

Nani yuko katika hatari?

Zaidi ni mutu mwenye ugonjwa wa sukari usiotunzwa. Tena mwenye kansa ya damu, na mwenye kumeza deksametazone siku nyingi. Kwa hiyo, mama, usinunue vidonge hivyo sokoni ili unenepe! Kule India, mwaka 2021, watu zaidi ya 40,000 walipata ugonjwa huu, wengi wakiwa na sukari na wametoka kuugua COVID-19.

Dalili za kuangalia

1. Uso unauma au unavimba upande mumoja.
2. Pua inatoa damu au uchafu mweusi.
3. Jicho linavimba, linatokeza, au linaona vitu viwili.
4. Kuna doa jeusi puani, ao ndani ya kinywa upande wa juu. Fungua kinywa cha mugonjwa, angalia na tochi.
5. Shavu linakufa ganzi.

Muangalie sana hii ya tano. Maumivu yakiisha na shavu halisikii kitu, musiseme, "Amepona." Nyama inakufa.

Munganga anajuaje?

Anapima sukari katika damu. Anaangalia ndani ya pua kwa taa. Kupangusa makamasi tu hakutoshi, maana mbegu za kuvu zinaweza kukutwa hata katika pua ya mutu muzima. Kwa hiyo anakata kipande kidogo cha nyama na kukitazama kwa mikroskopi. Akiona nyuzi za kuvu zimeingia ndani ya nyama, amejua. Picha ya skana inaonyesha ugonjwa umefika wapi, lakini mwanzoni inaweza kufanana na ya makamasi ya kawaida. Musikatae kile kipande kikatwe!

Dawa iko: ile ya mushipa inayoua kuvu, pamoja na upasuaji wa kuondoa nyama iliyokufa, na kushusha sukari. Antibiotike haiui kuvu. Musipulize majani puani.

Mugonjwa wa sukari akionyesha hata moja ya dalili hizi, musingoje kesho. Mumupeleke hospitali leo.