BIFA ni tuzo gani, na muvi ya Newala inaweza kushinda?

Msimu wa korosho ukifika na pesa ikaanza kuzunguka Masasi na Newala, vibanda umiza hujaa. Muvi nyingi zinazooneshwa humo ni za studio kubwa za nje, na juu ya sauti za wahusika kuna mtafsiri anapayuka kwa Kiswahili. Karibu na wakati huohuo, mwishoni mwa mwaka, London kunatolewa tuzo ambazo muvi za aina hiyo hazina nafasi.

Zinaitwa Tuzo za Filamu Huru za Uingereza, kwa kifupi BIFA. Zilianza mwaka 1998, chini ya Elliot Grove wa tamasha la Raindance. "Huru" hapa si "bure". Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya pesa ya filamu haikutoka kwa studio kubwa, kwa hiyo hakuna bosi wa Hollywood wa kumwambia mwongozaji amalizie vipi hadithi.

Filamu ya namna hiyo haina fungu la mabango. Tuzo ndiyo tangazo lake. Slumdog Millionaire ilichukua tuzo kuu ya BIFA mwaka 2008, na miezi michache baadaye ikabeba Oscar 8.

Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 2005 tuzo kuu ilikwenda kwa The Constant Gardener, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kenya, ikiwemo Kibera. Hata hivyo, hadithi yenyewe ni ya Waingereza walioko Kenya, na wenyeji wengi wanaonekana pembeni tu.

Inayogusa zaidi watu wa kusini ni I Am Not a Witch. Mwongozaji wake, Rungano Nyoni, alizaliwa Zambia akakulia Wales. Ni kisa cha binti mdogo anayesingiziwa uchawi, anapelekwa kambi ya wachawi na kufungwa utepe mweupe mgongoni. Anaambiwa akiukata atageuka mbuzi. Bongo Muvi ngapi zimecheza na uchawi? Nyingi, na mara nyingi mganga au mchungaji ndiye anayemaliza kazi. Nyoni aliwageukia wanaosingizia, akawacheka. Mwaka 2017 BIFA ilimpa tuzo ya mwongozaji bora, pamoja na ile ya filamu ya kwanza, ingawa wahusika wake wanazungumza sana lugha za Zambia.

Kwa hiyo Kimakonde si kikwazo. Kikwazo ni uraia wa filamu: tuzo nyingi za BIFA zinataka iwe ya Kiingereza kwa maana ya nchi, yaani ina mtayarishaji na pesa kutoka huko. Limebaki dirisha moja, tuzo ya filamu huru ya kimataifa, ambayo Parasite ya Korea Kusini iliipata mwaka 2019. Hapo nako lazima filamu kwanza ifike Uingereza ionekane.

Mlango wa karibu ni tamasha la ZIFF, Zanzibar, lililoanza nalo mwaka 1998. Tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu, na filamu huoneshwa usiku ndani ya Ngome Kongwe.

Kijana aliyepiga muvi yake Newala kwa simu au kamera ya kuazima anaweza kuangushwa na vitu ambavyo si uigizaji. Filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976. Maongezi ya Kimakonde yanahitaji maandishi ya tafsiri chini ya picha, la sivyo majaji hawaelewi kitu.

Halafu kuna muziki, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kubandika wimbo mkali wa Bongo Fleva bila idhini ya mwenyewe kunapita kibandani, lakini kwenye tamasha fomu inauliza haki za kila sauti iliyomo. Ngoma ya sindimba iliyorekodiwa kijijini, wapigaji wakalipwa na kusaini karatasi, inaweza kugharimu kidogo kuliko wimbo mmoja wa staa. Sahihi hizo zitafutwe siku ya kurekodi. Filamu ikishaitwa tamashani, bei hupanda.