Joto Lililo Chini ya Kioo: Matumizi Salama ya Jiko la Umeme la Seramiki

Jiko la umeme la kioo cha seramiki ni jiko ambalo koili zake za kupasha joto zimefunikwa kwa bapa moja la kioo, mara nyingi jeusi na lenye unene wa milimita 4 hivi, na juu ya bapa hilo sufuria hukaa moja kwa moja, bila mafiga wala vyuma vya kuegemea. Mpishi aliyezoea mkaa, kuni au gesi huupima moto kwa macho: huangalia wekundu wa kaa na urefu wa ulimi wa moto, kisha akaongeza au akapunguza. Jiko la kioo humwondolea karibu dalili zote hizo, kwa kuwa kioo hupitisha joto bila mwali, hulihifadhi baada ya jiko kuzimwa, na huonekana vilevile kikiwa baridi na kikiwa na nyuzi 200 za Selsiasi. Kwa hiyo anayelitumia vizuri ni yule anayefahamu yanayotendeka chini ya kioo, hata kama hajakariri ukurasa mmoja wa kijitabu cha maelekezo.

Kwanza yafaa kutenganisha majiko mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa utendaji. La kwanza, ambalo ndilo linalozungumziwa hapa, lina koili inayowaka nyekundu na kutoa mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa jicho, na mionzi hiyo hupenya kioo na kuipasha sufuria ya aina yoyote ya metali. La pili ni jiko la indaksheni, ambalo huzalisha uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi kubwa na kuufanya mkondo wa umeme uzunguke ndani ya kitako cha sufuria, hata sufuria yenyewe ikawa ndiyo chanzo cha joto. Indaksheni hukataa sufuria ya alumini ya kawaida, na sufuria isiyonasa sumaku ya mlango wa friji haitapata moto juu yake. Mnunuzi asiyeuliza tofauti hii dukani huenda akalazimika kununua na vyombo vipya.

Kioo chenyewe kiligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1953 mkemia S. Donald Stookey wa kampuni ya Corning, katika jimbo la New York nchini Marekani, aliweka kipande cha kioo katika tanuri lililokusudiwa kufika nyuzi 600, lakini kidhibiti chake kikakosea na joto likapanda hadi nyuzi 900 hivi. Kipande hicho hakikuyeyuka, bali kiligeuka cheupe, na kilipoponyoka na kuanguka sakafuni hakikuvunjika. Ndani yake zilikuwa zimeota fuwele, yaani chembe ambazo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia, tofauti na kioo cha kawaida ambacho atomi zake hazina mpangilio huo. Kutoka kwenye ugunduzi huo vilitengenezwa vyombo vya kupikia, na mwaka 1971 kampuni ya Schott ya Mainz, Ujerumani, ikaleta bapa la jiko linaloitwa Ceran.

Siri ya bapa hilo ni kutotanuka. Kioo cha dirisha kikimwagiwa maji ya moto hupasuka kwa sababu sehemu iliyopata joto hutanuka huku jirani yake ikibaki ilivyo, na mvutano kati ya sehemu hizo mbili ndio unaokipasua. Katika kioo cha majiko, chenye lithiamu, alumini na silika, fuwele zilizo ndani hunywea kidogo zinapopashwa, ilhali kioo kinachozizunguka hutanuka, na mabadiliko hayo mawili hufutana hata ukubwa wa bapa usibadilike karibu kabisa. Ndiyo maana maji baridi yakimwagika juu ya sehemu iliyo moto, bapa halipasuki. Lakini ustahimilivu huo ni wa joto peke yake. Kwa kishindo kioo hiki hubaki kioo, na chupa ya viungo ikidondoka kutoka kwenye rafu iliyo juu ya jiko, au mchi ukiponyoka mkononi, pigo la ncha moja laweza kulipasua bapa zima. Rafu ya aina hiyo iondolewe au ibaki na vitu vyepesi tu.

Sifa nyingine ya kioo cha seramiki ni kwamba hakisambazi joto vizuri kuelekea pembeni, hivyo joto hupanda juu kupitia duara lililochorwa juu ya koili na kuacha sehemu za kando zikiwa na joto dogo zaidi. Chini ya kila duara pia kuna kidhibiti kinachokata umeme kioo kinapokaribia kiwango cha hatari. Mpishi akiona koili inawaka na kuzimika, kisha ikawaka tena, asidhani jiko limeharibika: ama kidhibiti hicho kinakilinda kioo, ama kitufe kimewekwa katika kiwango cha chini, ambacho katika majiko mengi hupatikana kwa kuwasha na kuzima koili kwa vipindi, si kwa kuipunguzia nguvu. Koili ikizimikazimika huku kitufe kikiwa kwenye kiwango cha juu na chungu cha chakula hakichemki, mara nyingi lawama ni ya kitako cha sufuria.

Kitako ndicho kinachoamua upishi wote. Sufuria nyepesi za alumini zinazouzwa katika masoko yetu ni vyombo vyema juu ya mkaa, ambako moto huzizunguka hadi ubavuni, lakini baada ya miezi michache nyingi huwa na kitako kilichobonyea au kuvimba, na juu ya kioo hugusa sehemu chache tu. Nafasi ya hewa inayobaki kati yake na kioo hulizuia joto, kioo kikapata moto kupita kiasi, kidhibiti kikakata umeme, na maharage yakachukua saa nyingi huku uniti zikiteketea. Kipimo chake ni rahisi: rula huwekwa kwa upande wake mwembamba juu ya kitako kilichopinduliwa, na mwanga ukipita chini yake kwa wingi, sufuria hiyo ibaki kwenye mkaa. Inayofaa ni ile yenye kitako kinene, bapa na laini, yenye upana unaolingana na duara au kulizidi kidogo tu. Chungu cha udongo hakifai hapa, kwa kuwa kitako chake ni cha mviringo na uso wake usio laini hukwaruza. Alumini nayo, ikiburutwa, huacha alama za kijivu zinazodhaniwa kuwa mikwaruzo, na kwa vile huyeyuka kwenye nyuzi 660, sufuria nyembamba iliyosahauliwa hadi ikakauka maji yaweza kuharibika na kuliharibu jiko pamoja nayo.

Matumizi mazuri ya umeme hutegemea kanuni moja ya fizikia ambayo wapishi wengi huivunja kila siku: maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayochemka taratibu. Kuyafikisha maji lita 3 kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 huhitaji uniti 0.26 hivi za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea njiani, lakini kuigeuza lita moja tu ya maji hayo kuwa mvuke huhitaji uniti 0.63, ambazo ni zaidi ya mara mbili. Mpishi anayechemsha maharage bila mfuniko, kitufe kikiwa juu kabisa, hulipia mvuke unaotoka dirishani. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, sufuria iliyofunikwa, na kitufe kilichoshushwa mara tu povu linapoanza, hutoa mlo uleule kwa gharama ndogo sana. Wali nao hunufaika na tabia ya kioo ya kuhifadhi joto. Desturi ya kupalia makaa juu ya mfuniko haiwezekani hapa, lakini maji yakishakaribia kukauka jiko laweza kuzimwa kabisa na sufuria ikaachwa palepale, imefunikwa vizuri, ili joto lililobaki kwenye kioo limalize kazi.

Ugali unastahili maelezo ya pekee, kwa sababu jiko hili lilibuniwa kwa ajili ya mapishi yasiyohitaji nguvu za bega. Anayesonga huisukuma sufuria huku na huko, na punje ya mchanga au ya chumvi iliyokwama chini yake huchora kioo kila inapozungushwa. Mkwaruzo si doa tu, kwani katika vitu vinavyovunjika ghafla kama kioo, nguvu zote za pigo hukusanyika kwenye ncha ya ufa mdogo uliokwishakuwapo, na bapa lenye mikwaruzo mirefu huvunjika kwa pigo ambalo bapa jipya lingelistahimili. Kwa hiyo kioo na kitako vipanguswe kabla ya kupika, sufuria iwe nzito na yenye mikono miwili, na unga unapokuwa mzito iinuliwe na kuwekwa juu ya kibao cha mbao ili kusongwa kwa nguvu, kisha irudishwe kuiva. Ncha ya kanga au kitambaa cha kushikia visiachwe vikining'inia juu ya duara tupu lililowashwa, kwa kuwa kioo hicho chaweza kupita nyuzi 500 na kuiwasha pamba bila kuwapo mwali wowote.

Hakuna, hata hivyo, kinachokiharibu kioo hiki haraka kama sukari. Shira ya kaimati, kashata, jemu, hata uji uliotiwa sukari nyingi, ukimwagika juu ya duara lililo moto huyeyuka na kushikamana na uso wake. Sukari hiyo inapopoa husinyaa, ilhali kioo, kwa ile sifa yake ya kutobadilika ukubwa, hakisinyai pamoja nayo, na mvutano huo hung'oa vipande vidogo vya kioo na kuacha vishimo ambavyo hakuna dawa ya kuviziba. Hapa desturi njema ya kusubiri jiko lipoe ndipo lisafishwe hugeuka kuwa kosa. Jiko huzimwa, sufuria huondolewa, mkono huvikwa glavu nene, na sukari hukwanguliwa ingali laini kwa kikwangua chenye wembe na mpini mrefu, ikisogezwa hadi pembeni palipo baridi. Plastiki na karatasi ya alumini zikiyeyukia hapo hutendewa vivyo hivyo. Anayepika shira achague sufuria yenye kina na asiijaze kupita nusu.

Uchafu mwingine wote husubiri kioo kipoe. Kitambaa laini chenye maji na sabuni hutosha, na madoa meupe ya chumvi za maji hutoka kwa siki, lakini steliwaya, unga wa kusugulia, mchanga na majivu havifai kabisa, hata kama vimeoshea vyombo kwa vizazi vingi. Ufa ukionekana, hata mwembamba kama unywele, jiko lizimwe kwenye swichi kuu na lisitumike tena hadi bapa libadilishwe, kwa kuwa mchuzi unaopenya hapo huweza kufika kwenye sehemu zenye umeme.

Upande wa umeme nao una hesabu yake. Jiko kamili la maduara manne laweza kuhitaji kilowati 7, ambazo kwa volti 230 ni ampea 30 hivi, wakati soketi ya kawaida ya ukutani hubeba ampea 13, yaani kilowati 3 tu. Jiko la namna hiyo lifungwe na fundi umeme aliyesajiliwa, kwa waya wake mnene wa pekee kutoka kwenye sakiti breka, likiwa na waya wa ethi. Jiko dogo la mezani la wati 2,000 laweza kuchomekwa kwenye soketi, mradi halichangii kiendelezi na pasi au birika. Volti zikishuka jioni, nguvu hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe: duara la wati 1,800 kwa volti 230 hutoa wati 1,230 hivi tu kwa volti 190, hivyo ucheleweshaji wa saa hizo hauna dawa jikoni.

Linabaki suala la kukatika kwa umeme, ambalo vijitabu vilivyoandikwa Ulaya hulitaja kwa uchache na ambalo katika nyumba za Afrika Mashariki lingepaswa kuwa la kwanza. Majiko mengi yana taa ndogo inayoonyesha kuwa kioo bado ni cha moto, na watoto na wasaidizi wa nyumbani hufundishwa kuitegemea. Taa hiyo hutumia umeme uleule wa jiko, kwa hiyo umeme ukikatika huzimika papo hapo ilhali kioo bado kinaweza kuunguza, na giza la jikoni huongeza hatari. Umeme unaporudi huja hatari ya pili, kwani jiko lenye vitufe vya kuzungusha huendelea pale lilipoishia, hata kama wenye nyumba wamekwisha kulala na juu ya kioo pamewekwa kikapu au beseni la plastiki. Umeme ukikatika wakati wa kupika, kila kitufe kirudishwe kwenye sifuri na sufuria ya maji iachwe juu ya duara lililokuwa likitumika kabla mtu hajaondoka kwenda kutafuta mshumaa.